Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita

Lugha ya Kiswahili ina neno moja kwa vitu viwili ambavyo kazi zao ziko mbali kama mashariki na magharibi. Gogo lililochongwa uvungu, likatundikwa mtini ili nyuki waingie na kutengeneza asali, huitwa mzinga. Chombo cha chuma chenye uvungu, kitiwacho baruti ili kibomoe boma la adui, nacho huitwa mzinga. Walioviita hivyo walitazama umbo: vyote viwili ni vya mviringo, ni virefu, na ni vitupu ndani. Kwamba mmoja hulisha watu na wa pili huwaua halikuwa jambo la kuhitaji majina mawili, maana hapakuwa na mtu mwenye akili timamu ambaye angeweza kuudhania huu kuwa ule.

Hata hivyo iko siku moja katika historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki ambayo mizinga hiyo miwili ilikutana mahali pamoja, na watu wenye akili zao wakaudhania huu kuwa ule. Siku hiyo ni tarehe 4 Novemba 1914, na mahali penyewe ni Tanga. Mizinga ya vita ilinguruma, na mizinga ya nyuki ikafumuka mitini. Vita vilipokwisha ukavuma uvumi kwamba nyuki wale walikuwa silaha, ya kwamba Wadachi waliwatega njiani kwa hila ili wawaangukie askari wa Kiingereza. Uvumi huo umeishi kuliko wote waliopigana siku ile. Ni vema kuuchungua, kwa sababu ndani yake limo swali kubwa kuliko vita vya siku moja: je, kiumbe hai chaweza kuwa silaha?

Silaha ni kitu kinachochukua nia ya mtu na kuifikisha mahali ambapo mkono wake haufiki. Mkuki hauna shauri lake. Ukirushwa mbele huenda mbele, na ukikosa shabaha, kosa ni la mrushaji. Mshale na risasi ni vivyo hivyo. Lakini hayawani ana nia yake mwenyewe, ana hofu yake, ana njaa yake, na ana kumbukumbu ya mahali alipotoka. Farasi na ngamia wameingia vitani tangu kale, lakini kazi yao aghalabu ilikuwa kuchukua. Aliyeshika upanga alikuwa ni yule aliyepanda juu. Mambo yaligeuka ajabu pale wanadamu walipotaka hayawani mwenyewe awe ndio upanga. Wengi walijaribu, na historia ya majaribio yao ni historia ya silaha isiyomjua adui.

Ndovu ndiye wa kwanza kutajwa, kwa kuwa hakuna hayawani aliyetumainiwa na majemadari kuliko yeye. Mwaka 326 kabla ya Kristo (K.K.), kwenye mto Hydaspes katika Bara Hindi, mfalme Porus alipanga ndovu wake mbele ya jeshi ili kumzuia Alexander wa Makedonia. Farasi wa Alexander hawakuweza kuwakabili. Lakini askari wake wa miguu waliwashambulia ndovu kwa mishale na kwa mashoka, wakawaua waliowaendesha, na ndovu walipojaa majeraha hawakubagua tena; waliwakanyaga watu wa Porus kama walivyowakanyaga watu wa Alexander, na watu wa Porus ndio waliopata hasara kubwa zaidi, kwa sababu ndio waliokuwa karibu.

Baada ya kufa Alexander, wafalme waliogawana milki yake walishindana kupata ndovu kama mataifa ya baadaye yalivyoshindana kupata manowari. Waliotawala Shamu waliwaleta kutoka Bara Hindi. Wafalme wa Misri walifungiwa njia hiyo, na Ptolemaios wa Pili akaelekeza macho kusini. Alijenga kituo katika pwani ya Bahari ya Sham, kilichoitwa Ptolemais ya Uwindaji, na wawindaji wake wakawakamata ndovu wa Afrika na kuwapakia majahazini kupelekwa Misri. Mwaka 217 K.K. ndovu wa pande hizo mbili walikutana uso kwa uso huko Raphia, karibu na Gaza. Mwandishi Polybius anasema kwamba mfalme wa Misri alikuwa na ndovu 73 wa Afrika, na mfalme wa Shamu alikuwa na ndovu 102 wa Bara Hindi. Wengi katika wale wa Afrika walikataa kupigana. Hawakuweza kustahimili harufu na sauti ya wageni wale, wakarudi nyuma, wakaivuruga safu ya watu wao. Juu ya hayo mfalme wa Misri ndiye aliyeshinda siku ile, na aliyemshindia hakuwa ndovu, bali ni askari wa miguu mwenye mkuki mkononi.

Haifai kusema kwamba ndovu hakupata kumfaa mtu yeyote vitani. Mara nyingine alifaa sana, hasa mbele ya watu na farasi ambao hawajapata kumwona. Lakini mgeni huwa mgeni siku mbili tu. Mwaka 202 K.K., huko Zama katika Afrika ya Kaskazini, Hannibal wa Karthago alitanguliza ndovu 80 mbele ya jeshi lake. Jemadari Scipio wa Roma alikuwa amekwisha jifunza tabia yao. Aliwapanga askari wake kwa namna ya kuacha vichochoro katikati ya vikosi, akaamuru tarumbeta na mabaragumu yapigwe kwa pamoja. Ndovu wengine walishtuka wakageuka nyuma, wakawatawanya wapanda farasi wa Hannibal mwenyewe. Wengine walipita katika vichochoro vile kama ng'ombe wapitao katika njia ya zizi, wakatokea upande wa pili bila ya kudhuru mtu.

Ushahidi mzito kupita wote hautoki kwa waliowaogopa ndovu, bali kwa waliowaendesha. Livius, mwandishi wa historia ya Roma, anasimulia habari za vita vya mto Metaurus, mwaka 207 K.K., ambako Hasdrubal, nduguye Hannibal, alishindwa na kuuawa. Anasema kwamba kila mwendesha ndovu alichukua patasi na nyundo. Ndovu alipopandwa na wazimu na kuanza kuwaangamiza watu wake, mwendeshaji aliiweka patasi ile kwenye kiungo cha shingo na kichwa, akaigongomea kwa nguvu zake zote. Livius anasema kwamba katika vita vile ndovu waliouawa na waendeshaji wao walikuwa wengi kuliko waliouawa na adui. Patasi ile inatosha kueleza habari yote. Mwenye upanga hahitaji chombo cha pili cha kuuua upanga wake.

Katika nchi za Kiislamu, ukiwamo uswahili wa pwani, ndovu wa vita anajulikana kwa kisa kingine. Abraha, aliyetawala Yemen, alikwenda na jeshi na ndovu ili kuibomoa Al-Kaaba, na mwaka huo, ambao kwa hesabu iliyozoeleka ni kama mwaka 570, ukaitwa Mwaka wa Ndovu. Masimulizi yanasema kwamba ndovu yule mkubwa alipoelekezwa Makka alipiga magoti akakataa kwenda. Alipoelekezwa upande mwingine wowote aliinuka akaenda mbio. Waumini huona katika kisa hicho uwezo wa Mwenyezi Mungu, na hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Mwanafunzi wa historia anaweza kuona na jambo la pili, ambalo halipingi lile la kwanza: katika jeshi zima lililotoka kwenda kutenda uovu, aliyesita ni yule ambaye hakuwa na ugomvi na mtu.

Wanadamu walipoona kwamba ndovu huogopa, hawakuacha kuwatumia hayawani vitani. Walitafuta hayawani mwingine wa kumtisha ndovu. Waandishi wa kale Polyaenus na Aelian wanasimulia kwamba mji wa Megara katika Uyunani ulipozingirwa na Antigonus wa Makedonia, katika karne ya 3 K.K., wenyeji waliwapaka nguruwe lami, wakawatia moto, wakawafungulia kuwaelekea ndovu. Nguruwe walipiga kelele kwa uchungu, ndovu wakakimbia ovyo, na jeshi la Antigonus likavurugika. Waswahili wana methali isemayo kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa mwanadamu ni uchungu. Methali hiyo hutumiwa kwa mfano tu, lakini huko Megara haikuwa mfano. Uchungu wa nguruwe ndio uliokuwa silaha yenyewe, na mwenye uchungu hakuwa na habari na Megara wala na Antigonus.

Nyuki nao waliingia katika shughuli hizo mapema. Katika karne ya 1 K.K., Warumi walipokuwa wakipigana na mfalme Mithridates, waliuzingira mji wa Themiskyra karibu na Bahari Nyeusi, wakachimba mapango chini ya kuta zake. Appianos anaeleza kwamba wenyeji walitoboa matundu kutoka juu, wakaingiza humo dubu na wanyama wengine wakali, pamoja na makundi ya nyuki. Hapo nyuki walifaa, na sababu yake ni nyepesi: walitiwa ndani ya shimo lililokuwa na adui peke yake. Mwenye nyuki alijilinda kwa ardhi iliyokuwa kati yake na wao. Laiti shimo lile lingalikuwa uwanja, wenyeji wa Themiskyra wangalikimbia pamoja na Warumi.

Tanga ilikuwa uwanja. Mwezi wa Oktoba 1914 Waingereza walipakia majeshini kiasi cha watu 8,000 huko Bombay, wengi wao wakiwa askari wa Kihindi, chini ya Jemadari Arthur Aitken. Walikaa baharini wiki kadha, wamesongamana merikebuni, na wengi wao hawajapata kupigana vita vya kisasa. Tarehe 2 Novemba manowari ya Fox ilitangulia bandarini Tanga, na nahodha wake akawaarifu Wadachi kwamba mapatano yaliyokuwapo ya kutoushambulia mji yamekwisha. Kwa hiyo jambo ambalo lingekuwa la ghafula lilitangazwa mapema. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wadachi, alipata nafasi ya kuwaleta askari wake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Hata alipowakusanya wote walikuwa kiasi cha watu 1,000, na wengi wao walikuwa askari Waafrika.

Waingereza walishuka upande wa Ras Kasone, mashariki ya mji. Mbele yao palikuwa na mashamba ya mipira na ya mkonge, na vichaka ambavyo mtu hakuweza kuona ndani yake hatua chache. Tarehe 4 waliingia humo wakielekea mjini. Katika miti ya mashamba hayo wenyeji walikuwa wametundika mizinga yao ya nyuki, kama ilivyo desturi ya nchi. Risasi zilipoanza kupita baina ya miti, nyingine ziliipiga mizinga hiyo, na nyuki wakatoka.

Nyuki wa Afrika ya Mashariki ni wakali kwa asili yao, na ukali huo una utaratibu wake. Mwiba wa nyuki una meno kama ya chusa. Ukichoma ngozi ya mtu haurudi, bali hukatika pamoja na sehemu ya tumbo la nyuki, naye hufa. Hapo hutoka harufu ifananayo na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo baragumu la nyuki: wengine huisikia wakaja kuchoma palepale. Mtu anayekimbia na kupunga mikono huwaita zaidi. Askari wa Kihindi wa kikosi cha 98 walipata shida kubwa, na safu yao ikavunjika. Lakini nyuki hawakuishia hapo. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba waliwaangukia na watu wake waliokuwa na bunduki za kumimina risasi, zilizojulikana kwa jina la bombomu, wakawafanya washindwe kuzitumia. Kwa ufupi, nyuki walimchoma kila aliyekuwa karibu.

Siku ya pili, tarehe 5, Waingereza walirudi merikebuni. Walikuwa wamepoteza zaidi ya watu 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliacha ufukweni bunduki 455 na risasi zipatazo 600,000, ambazo ziliwafaa sana Wadachi katika vita vilivyoendelea hata mwezi wa Novemba 1918. Ndipo ulipozuka uvumi wa nyuki waliotegwa. Ilisemekana kwamba Wadachi walifunga nyuzi njiani, ili askari akizikwaa mizinga ifunguke. Waingereza wengine wakaviita vita vile Vita vya Nyuki, na jina hilo likashika.

Uvumi huo hauwezi kusimama mbele ya yaliyotokea. Mtega nyuki angalijitega mwenyewe, kama wale wenye bombomu walivyopata. Wala haukuhitajika mtego ili kueleza kushindwa kule. Adui alitangaziwa siku mbili kabla. Watu waliochoka kwa safari walisukumwa ndani ya vichaka bila ya upelelezi wa kutosha. Waliodharauliwa kwa uchache wao walikuwa wakiijua nchi na wakijua kazi yao. Hayo yote ni makosa ya watu, na yana wenyewe. Faida ya uvumi wa nyuki ni kwamba uliyaondoa makosa hayo kwa wenyewe. Kushindwa na askari wachache, ambao wengi wao ni Waafrika, lilikuwa jambo zito kwa jeshi la dola kuu kulisema. Kushindwa na hila ya ajabu lilikuwa jepesi zaidi. Basi nyuki wakapewa cheo cha silaha, si kwa yale waliyoyatenda, bali kwa yale ambayo watu hawakutaka kuyakubali.

Na wako watu wengine ambao uvumi huo uliwafunika. Vitabu mashuhuri vya vita vile hutaja majina ya majemadari, ya manowari na ya vikosi. Mwenye mizinga hatajwi. Yeye ndiye aliyekata gogo, akalichonga, akalipandisha mtini, akasubiri. Vita ambavyo hakuvitangaza vilipita katika miti yake siku moja, na asali yake ikamwagika. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Na katika miaka 4 iliyofuata nyasi ziliumia kupita kiasi, maana makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa njiani wakiyachukulia mizigo majeshi ya pande zote.

Mtu angaliweza kudhani kwamba karne ya mitambo ingekomesha mambo hayo, lakini Vita Kuu ya Pili iliyazidisha. Kiswahili kimeliita gari la vita la chuma kifaru, na jina hilo linalifaa kwa ngozi yake ngumu na mwendo wake wa kutotazama pembeni. Mwaka 1941 vifaru vya Ujerumani vilipoingia Urusi, Warusi waliwatumia mbwa kuvilipua. Mbwa walishindishwa na njaa, kisha wakapewa chakula chini ya kifaru, mpaka wakajua kwamba uvunguni mwa kifaru ndiko kwenye posho. Siku ya vita walifungwa baruti na kijiti kilichosimama mgongoni. Mbwa akiingia uvunguni kijiti kingeinama na baruti ingelipuka. Lakini mbwa wale walifundishwa kwa vifaru vya Kirusi, vilivyosimama kimya. Uwanjani walikuta moto, mshindo, na vifaru vya kigeni vyenye harufu ya petroli badala ya ile ya dizeli waliyoizoea. Wengi waliogopa wakawarudia mabwana zao na baruti migongoni, nao wakalazimika kuwapiga risasi. Wengine walifanya kama walivyofundishwa, wakatafuta chakula chini ya vifaru vya Warusi wenyewe. Mbwa hakukosea. Hakuna aliyepata kumfundisha kwamba kuna Mrusi na kuna Mjerumani, bali alifundishwa kwamba kuna chakula.

Katika Marekani mganga wa meno aitwaye Lytle Adams alizuru mapango ya Carlsbad mwezi wa Desemba 1941, akawaona popo wasio na idadi wakiruka jioni. Akawaza kwamba kila popo akifungwa kibomu kidogo cha moto, kisha maelfu yao wakaachiliwa juu ya miji ya Japani, wangejificha katika mapaa ya nyumba za mbao na miji yote ingewaka. Alimwandikia Rais Franklin Roosevelt, na shauri lake likakubaliwa kufanyiwa majaribio. Popo waliwekwa katika baridi ili walale usingizi na kuchukulika. Wengine walipotupwa kutoka angani hawakuamka kwa wakati, wakaanguka wakafa. Na tarehe 15 Mei 1943 popo kadha wenye vibomu waliamka wasipotarajiwa, wakaruka, wakaingia katika mabanda ya kiwanja cha ndege kilichokuwa karibu, na mabanda hayo yakateketea. Popo alikwenda mahali penye giza na dari, kama zilivyo desturi zake. Dari iliyokuwa karibu ilikuwa ya Wamarekani. Mwaka 1944 mradi ule ulifutwa.

Wakati huohuo mtaalamu wa tabia, B. F. Skinner, alikuwa akiwafundisha njiwa kuongoza bomu. Njiwa aliwekwa mbele ya picha ya shabaha, kama vile merikebu, naye aliidonoa, na kwa kuidonoa aliliongoza bomu lisitoke katika njia yake. Malipo yake yalikuwa nafaka. Kazi ya Skinner ilikuwa tofauti na zile zilizotangulia, kwa kuwa hakumtia njiwa hofu wala hakumchoma kwa moto; alitazama kile ambacho njiwa hupenda kufanya, akakitumia. Majaribio yalionyesha kwamba njiwa aweza kazi hiyo, lakini wakuu wa vita hawakuamini, na mwezi wa Oktoba 1944 mradi ukafungwa. Hata njiwa yule, lau angepelekwa, asingejua kwamba mwisho wa kudonoa kwake ni kifo chake na cha mabaharia. Angejua nafaka.

Baada ya vita hivyo wanadamu walieneza sana silaha ambayo haina uhai, lakini katika jambo moja inafanana na nyuki wa Tanga. Nayo ni bomu la kutegwa ardhini. Bomu hilo halimjui adui. Halijui kwamba mapatano yametiwa sahihi, wala halipambanui unyayo wa askari na unyayo wa mtoto aendaye kuteka maji. Wale waliolizika huenda wamekwisha kufa, nalo lingali likingoja. Nchi ya Msumbiji ilipopata amani mwaka 1992 ilikuta ardhi yake imejaa mabomu hayo, na watu waliendelea kukatika miguu katika mashamba yao wenyewe wakati bunduki zimekwisha nyamaza.

Jibu moja la shida hiyo lilitoka Morogoro. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamia katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 2000 na kuanza kuwafundisha panya buku. Panya huyu mkubwa wa Afrika haoni vizuri, lakini pua yake ni kali mno. Hufundishwa tangu utotoni kwamba akinusa harufu ya baruti na kukwaruza ardhi atasikia mlio mdogo, na baada ya mlio atapewa ndizi au njugu. Uzito wake ni kilo moja na kidogo, hautoshi kulilipua bomu alilolikanyaga. Mtu mwenye chombo cha kutafutia chuma husimama kwa kila msumari na kila kifuniko cha chupa. Panya hajali chuma, hutafuta baruti tu. Uwanja ulio sawa na wa tenisi humchukua nusu saa, na mtu mwenye chombo aweza kuutafuta kwa siku zifikazo 4. Panya kutoka Morogoro walifanya kazi Msumbiji, na mwaka 2015 nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote yaliyojulikana. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na chama kimoja cha Uingereza kiwahudumiacho wanyama, na kabla ya kufa kwake mwezi wa Januari 2022 alikuwa amefichua mabomu zaidi ya 100.

Watu walimwita panya yule shujaa. Ni jina la mapenzi, na hakuna ubaya kumpa, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuliangalia kama alivyouangalia uvumi wa nyuki. Magawa hakuijua Kambodia, wala hakuwahurumia wakulima wake. Alitaka ndizi. Mbwa wa mwaka 1941 naye alitaka chakula, na kilichompeleka chini ya kifaru hakina tofauti na kilichompeleka panya juu ya bomu. Hayawani ni yuleyule, na njaa ni ileile. Kilichotofautiana ni nia ya mtu aliyeishika posho. Ikiwa lawama ya mbwa waliolipuka haiwezi kuwekwa juu ya mbwa, basi na sifa ya mashamba yaliyorudi kulimwa ni ya watu waliokaa Morogoro kwa miaka mingi, wakihesabu mikwaruzo ya panya kwa subira.

Hii ndiyo faida ya kuzichungua silaha hizo za ajabu. Mkuki na bunduki humpa mtu nafasi ya kusema kwamba silaha ndiyo iliyoua, lakini hakuna anayemsadiki, maana mkono ulioshika unaonekana. Hayawani humpa maficho mazuri zaidi. Jemadari aliyeshindwa husema ni ndovu waliogeuka; mwenye kuteketeza husema ni popo waliotoroka; jeshi lililokosea husema ni nyuki waliofunzwa. Kila mara mtu huonekana kama mtazamaji wa jambo lililofanywa na kiumbe kingine. Kuanzia Hydaspes mpaka Carlsbad hakuna hayawani hata mmoja aliyetangaza vita, na hakuna hata mmoja aliyejua vimekwisha.

Tanga ya leo ina makaburi ya askari waliokufa siku ile, Wahindi, Waingereza, Wadachi na Waafrika. Katika mkoa huohuo, huko Handeni, mizinga bado hutundikwa mitini, na asali yake huuzwa mbali. Mpita njia akiutikisa mti atachomwa, awe mwenyeji au mgeni, na nyuki hatamwuliza taifa lake. Mrina asali anayajua hayo. Hupanda na moshi wake pole pole, jua likiisha kuchwa, na akichomwa hamlaumu nyuki.